Barua kwa rafiki ambaye breki zake haziachii

Rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili nisije nikakujibu kitu ambacho hukuuliza. Umebadilisha mwenyewe pedi na diski za mbele, ukamalizia na pedi za nyuma, na sasa gari limekuwa zito. Ukiliachia kwenye mteremko mdogo haliondoki. Gurudumu la mbele kulia linanuka kuungua baada ya dakika 20 za mwendo, na la nyuma kushoto nalo lina joto kuliko mwenzake. Umesema unataka kununua kalipa mpya ya mbele, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Tafadhali usinunue bado, na gari lisitoke hapo lilipo isipokuwa kwa jaribio fupi nitakalokueleza.

Sababu ya kulizuia ni hii. Breki inayoshika hupasha moto diski, diski hupasha pedi, pedi hupasha pistoni inayozisukuma ndani ya kalipa, na joto huishia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. DOT 3 ni chini zaidi, 205 yakiwa mapya na 140 yakishanyonya maji. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Utakanyaga pedeli itazama hadi chini na gari halitasimama. Kwa hiyo gari ambalo leo haliachii breki ndilo hilohilo kesho linaweza kukosa breki kabisa.

Sasa tuanze na jinsi breki ya diski inavyoachia, maana ukilielewa hili utajua pa kutazama. Watu wengi hudhani kuna springi inayovuta pistoni nyuma. Kwenye kalipa nyingi haipo. Kuna sili moja ya mpira, ya pembe nne, imekaa kwenye mfereji ndani ya kalipa na kuibana pistoni pande zote. Ukikanyaga, pistoni inasogea na sili inajikunja kuifuata. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana, sehemu ndogo tu ya milimita. Nguvu yenyewe ni hiyo tu. Kitu chochote kinacholeta ugumu kidogo, iwe kutu, rangi, grisi isiyofaa au mafuta yasiyopata njia ya kurudi, kinaishinda.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwa nini breki zilikuwa nzuri hadi siku ulipoweka pedi mpya. Pedi zilipokuwa zimekwisha, pistoni ilikuwa imetoka nje sana, na sehemu yake ya mbele ilikaa muda mrefu nje ya sili, imefunikwa na mpira wa vumbi tu. Kama mpira huo ulikuwa na ufa, maji yaliingia na kutu ikaanza. Ukaweka pedi nene, ukaisukuma pistoni ndani, na sehemu ile yenye kutu ikaingia moja kwa moja kwenye sili. Ubovu ulikuwepo kabla yako, wewe umeupeleka tu mahali unapoonekana.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha kwanza kwamba kweli breki inashika. Kugusana kidogo ni kawaida, hasa pedi zikiwa mpya. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi (usiamini jeki peke yake hata kwa dakika moja), weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, toa gia, shusha handbreki. Zungusha gurudumu kwa mkono. Ukisikia msuguo mwepesi na gurudumu likazunguka bila kulazimishwa, hiyo ni sawa. Magurudumu yanayoendeshwa na injini huwa mazito zaidi kwa sababu yanazungusha shafti na difu, kwa hiyo linganisha kulia na kushoto, usilinganishe mbele na nyuma. Ukilazimika kutumia mikono miwili na bado linagoma, hapo breki imeshika.

Sikiliza na aina ya sauti. Msuguo wa mfululizo, mzunguko mzima, ni pedi inayobana. Msuguo unaokuja na kupotea mahali palepale kila mzunguko ni diski isiyokaa sawa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Uliposafisha, je, uliondoa kutu yote kwenye uso wa habu? Punje ndogo ya kutu hapo chini huifanya diski iyumbe, na watengenezaji wengi hawakubali myumbo wa zaidi ya takriban milimita 0.05 hadi 0.10. Brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha rudisha diski. Na kama sauti ni ya chuma kwa chuma lakini hakuna joto, angalia lile bati jembamba nyuma ya diski. Huenda limejipinda ulipokuwa unafungua, na linanyooka kwa mkono.

Jaribio la joto lifanye barabara isiyo na watu wengi. Dakika 10 tu, ukikanyaga breki kwa nadra, na mwishoni liache gari lipungue mwendo lenyewe. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, kielekeze kwenye diski ya kila gurudumu. Namba yenyewe haina maana kubwa, tofauti ya kulia na kushoto ndiyo inayosema. Huna kipimajoto, sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa. Na usimwage maji kwenye diski iliyochemka, inaweza kupinda au kupasuka.

Sasa jaribio lenyewe, na ndilo ninalotaka ulifanye kabla ya kutoa hata senti. Shida ni kujua nani anayeshika gurudumu: mafuta yaliyonaswa, au chuma kilichogoma. Gari likiwa juu ya stendi, kanyaga pedeli mara kadhaa kisha uachie kabisa. Zungusha gurudumu la mbele kulia, uhakikishe limeshika. Vua kifuniko cha mpira cha nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Tumia spana ya pete, mara nyingi ni namba 8, 10 au 11, maana spana ya mdomo huivunja pembe. Kabla ya kuifungua vika mrija mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake nyingine ichovye kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mwambie mtu yeyote aliye karibu asiguse pedeli. Fungua nipeli robo mzunguko na uangalie mrija.

Mafuta yakiruka kwa kasi halafu gurudumu likalegea palepale, presha ilikuwa imenaswa na kalipa yako haina kosa. Yakidondoka taratibu na gurudumu likabaki gumu vilevile, mafuta hayahusiki, tafuta ugumu kwenye kalipa yenyewe, pini, au pedi. Funga nipeli, kanyaga tena, rudia mara ya pili ili usidanganyike. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, osha kwa maji mara moja, maana huila rangi.

Tuseme gurudumu limebaki gumu. Vua kalipa, na safari hii iangalie kwa utulivu. Itundike kwa waya kwenye springi ya gari, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Usilipulize vumbi la pedi kwa upepo, lisafishe kwa dawa ya breki na kitambaa.

Anza na pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, kwa sababu hapo ndipo makosa ya kazi ya nyumbani hujificha. Ivute kila moja. Inapaswa kuteleza kwa vidole viwili, na ukiisukuma ndani irudi taratibu. Magari mengi yana pini mbili zisizofanana: moja ni laini, nyingine ina kipande cha mpira kwenye ncha au imekatwa ubavu. Zikibadilishana nafasi, ile yenye mpira hujibana, na kalipa haitelezi, haisogei, pedi ya nje inabaki imeng'ang'ania diski. Kama hukumbuki ipi ilikuwa juu, fungua upande wa kushoto ambao haukusumbui uone. Kisha angalia grisi uliyoweka. Ikiwa ni grisi ya kawaida ya beringi au ya chasisi, ifute yote, maana ina oili ya madini ndani yake na huvimbisha mipira. Tumia ya silikoni, au ile ya sintetiki iliyoandikwa kwamba ni ya breki. Na iwe utando mwembamba tu. Ukijaza tundu zima, pini inageuka kuwa kama pampu, inabana hewa na grisi mle ndani na kujisukuma nje.

Kisha pedi. Kila pedi ina masikio mawili yanayokaa kwenye breketi, yaani fremu inayozishika pedi, juu ya klipu nyembamba za chuma. Toa klipu hizo utazame chini yake. Kutu hukua pale polepole, inainua klipu, na nafasi ya sikio inapungua. Pedi za zamani zilikuwa zimeshajichongea njia, mpya zinaingia kwa kugongwa. Ukikumbuka kwamba ulizigonga kwa nyundo ili zikae, basi umeshapata jibu. Kwangua kutu kwa tupa na brashi ya waya hadi chuma kiwe sawasawa, weka klipu mpya, na ujaribu pedi kwa mkono. Inatakiwa isogee mbele na nyuma bila kubanwa, lakini isicheze juu na chini. Pedi nyingine huja na rangi nene kwenye masikio, hiyo iondoe kwa tupa kwenye kingo zinazogusa klipu tu. Grisi hapo ni kidogo mno, na isifike kamwe kwenye uso wa pedi wala diski. Hakikisha pia pedi ya ndani na ya nje hazikupishana. Mara nyingi ile yenye klipu inayoingia ndani ya pistoni ni ya ndani.

Mwisho pistoni. Weka pedi ya zamani mbele yake, ukaze klampu polepole. Pistoni nzima hurudi kwa ugumu ulio sawa, bila kukwama. Ikigoma, fungua nipeli ukiwa umevika mrija na ujaribu tena. Ikiwa sasa inarudi kirahisi, kilichokuwa kinaizuia ni mafuta yasiyopata njia. Ikiwa bado inagoma, kutu ipo. Unaweza kuitoa pistoni, kubadilisha sili na mpira wa vumbi, na kuirudisha ukiwa umeilowesha kwa mafuta safi ya breki. Lakini pistoni ya chuma yenye vishimo kwenye nikeli au kromu yake haisuguliwi kwa msasa, kwa sababu ukiondoa utando ule kutu itarudi haraka. Weka mpya. Hapo ndipo swali la kununua kalipa nzima linapokuwa na maana.

Sasa upande wa pili, gurudumu limelegea ulipofungua nipeli. Kwa gurudumu moja peke yake ningeanza na mpira wa breki, yaani ule unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Tabaka lake la ndani linaweza kubanduka na kuwa kama mlango wa upande mmoja: mguu wako una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenda, ila sili haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje unauona mzima kabisa. Kalipa iliyoning'inizwa kwenye mpira, au mpira uliofungwa ukiwa umejisokota, huharakisha ubovu huo. Kuna na lile bano la chuma linaloushika mpira katikati, likishika kutu huvimba kwa ndani na kuuminya. Ili kuthibitisha, breki ikiwa imeshika, legeza kidogo kiungio cha bomba la chuma kabla ya mpira. Gurudumu likibaki gumu, ukafungua nipeli likalegea, mpira ndio uliofunga. Badilisha yote miwili ya mbele, na washa za shaba ziwe mpya kila upande wa bolti.

Lakini kwako wewe kuna jambo moja lililonifanya nisimame. Mbele kulia na nyuma kushoto. Magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele yamegawanywa breki kwa mshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili yanatumia njia moja kutoka masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli. Yakishika yote mawili pamoja, inawezekana kabisa kwamba kalipa zote ni nzima na tatizo liko juu. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana kwa kila njia, ambalo huyaruhusu mafuta kurudi kwenye kopo lake la mafuta pedeli ikiwa juu kabisa. Uliposukuma pistoni ndani bila kufungua nipeli, uchafu uliokuwa umetuama kwenye kalipa ulirudi na mafuta hadi huko. Punje moja inatosha kuliziba tundu hilo. Baada ya hapo, kadiri mafuta yanavyopata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi zaidi, joto linaongezeka. Umeandika kwamba pedeli inakuwa juu na ngumu kadiri unavyoendelea kuendesha. Hiyo ni dalili ya presha iliyonaswa.

Kama nipeli zote mbili zitaonyesha presha, fanya hivi. Breki zikiwa zimeshika, legeza nati mbili zinazoshikilia masta silinda kwenye busta (kile chombo cha duara kinachousaidia mguu wako), uivute mbele milimita 2 au 3, usipinde mabomba. Magurudumu yakilegea, kijiti cha busta au pedeli hakiiachi pistoni ya masta silinda irudi nyuma kabisa. Tazama swichi ya taa za breki kama imekazwa ikaikandamiza pedeli, na zulia la chini. Lakini kosa la namna hiyo kwa kawaida hushika magurudumu yote manne, kwa hiyo kwako silitarajii sana. Yasipolegea, rudisha nati, kisha legeza kidogo bomba la njia hiyo pale linapotokea kwenye masta silinda, ukiwa umezungushia kitambaa. Yakilegea sasa, tundu limeziba na masta silinda inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Usisahau kuangalia kopo. Pistoni zilizorudishwa ndani hupandisha mafuta, na kama uliongeza juu ya alama ya MAX, nyonya yaliyozidi. Angalia pia mpira wa kifuniko. Ukiwa umevimba na kukunjamana hata haukai, kuna oili ya madini iliyoingia, ya injini au ya usukani, pengine kwa kutumia chupa au faneli chafu. Hapo hakuna njia ya mkato: mabomba yaoshwe, na mipira na sili zote za mfumo zibadilishwe.

Gurudumu la nyuma kushoto nalo lina mambo yake kwa sababu handbreki iko ndani ya kalipa. Pistoni ya aina hiyo hurudi kwa kuzungushwa huku ukiisukuma, mara nyingi kufuata mwendo wa saa. Klampu peke yake huvunja utaratibu wa ndani. Uso wa pistoni una mifereji, na nyuma ya pedi kuna kipini kinachopaswa kuingia kwenye mmojawapo. Kisipoingia, pedi hukaa upande na kushika. Handbreki ikiwa chini, mkono mdogo kwenye kalipa lazima uguse kizuizi chake. Ukiona uwazi, chomoa kebo. Mkono ukirudi wenyewe, kebo imekazwa mno au ina kutu. Usiporudi, kalipa ndiyo iliyogoma. Gari la handbreki ya umeme lazima liwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo kabla ya kuirudisha pistoni.

Ukimaliza, kaza bolti kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, toa upepo kwenye kila kalipa uliyoifungua, na ukanyage pedeli hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pedi zilizotoa moshi ziangalie kingo. Zikimegeka, au uso ukiwa unang'aa kama kioo, hazifai tena hata kama ni za wiki iliyopita. Pedi nzima zipe mazoea: punguza mwendo taratibu kutoka kama kilomita 50 kwa saa hadi 15, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa, ukiziachia zipoe katikati. Kisha rudia lile jaribio la joto.

Anza na nipeli ya mbele kulia. Mafuta yakiruka, nenda moja kwa moja kwenye ile ya nyuma kushoto ukafanye vilevile kabla hujagusa kitu kingine, halafu uniandikie ulichokiona kwenye mrija mara zote mbili.

Rafiki yako